Chumba cha Nne Hakikujengwa

Mheshimiwa Diwani wa eneo letu la North York, hapa Toronto. Bwana Derek, mkurugenzi wa mradi huu, pamoja na wenzako wote wa kampuni ya ujenzi. Ndugu wageni mliotoka Ulaya, kutoka Liège na Rotterdam na kwingineko, mliokuja kujifunza jinsi mtaa wa nyumba za bei nafuu unavyokarabatiwa bila kumwacha mtu nje. Waheshimiwa wachungaji na mashehe. Wenzetu wa mitaa ya Lawrence Heights na Regent Park mliotutembelea. Majirani zangu wa Harrowdale mliokwisha kurudi. Na nyinyi majirani zangu ambao bado hamjarudi, mliopanda basi hili mkashuka mkapanda lile asubuhi ya leo ili mje kupiga makofi kwenye mtaa wenu wenyewe mkiwa wageni: hamjambo nyote.

Jina langu ni Chelagat. Kazi yangu ni uuguzi, na kwa bahati mbaya yangu ndimi mwenyekiti wa kamati ya wapangaji wa Harrowdale. Nimeishi hapa tangu binti yangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na sasa ni msichana mkubwa ambaye nikimsemesha Kiswahili ananielewa vizuri sana, kisha ananijibu kwa Kiingereza. Nimeombwa nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wapangaji wote, halafu nipokee ufunguo mbele ya kamera. Neno la shukrani nitalitoa. Lakini naomba mniwie radhi mapema, maana mimi ni mtu wa kushuku, nilizaliwa hivyo, na umri haujanitibu.

Naanza na hili la lugha. Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka ofisi ya mradi, nikaambiwa kwa sauti tamu kweli kweli: Mama Chelagat, tungependa uhutubie kwa Kiswahili, lugha yako, ili kila mtu ajione yumo. Nikashukuru, nikakata simu, nikakaa jikoni nikijiuliza, mbona sasa? Katika mikutano yote ya kupanga jengo hili tuliomba mkalimani, kwa sababu jirani yetu mzee, Bi Amandine, hajui Kiingereza, wala wazee wengi kutoka Burundi hawakijui. Kila mara tukaambiwa mkalimani hapatikani. Leo wakalimani wamepatikana, tena wawili, na vifaa vya kuvaa masikioni vimepatikana, na maua ya mezani yamepatikana. Mnaelewa kwa nini machale yalinicheza? Mtu aliyekunyima mkalimani siku ya kuamua, halafu akakuletea mkalimani siku ya kushukuru, si lazima ujiulize anatafuta nini kwako?

Dada Jolie, wewe unayetafsiri kule nyuma ya kioo, nakufahamu na kazi yako naiheshimu. Nina ombi moja tu kwako leo, usinilainishe. Nikisema nina hasira, usiwaambie wageni kwamba nina maoni.

Sasa nisije nikaonekana mtovu wa fadhila. Jengo hili ni zuri. Lile la zamani tulilipenda, lakini lilikuwa limechoka, na wenye mapafu mabovu wanajua ninachosema. Ukungu ulikuwa unapanda ukutani nyuma ya kabati, unaukwangua Jumamosi, Jumatano umerudi. Joto likikatika Januari tulilala na makoti na kofia, na lifti ilikuwa na siku zake za kufanya kazi ambazo yenyewe ndiyo ilizichagua. Leo nimeingia kwenye nyumba ya jirani yangu ghorofa ya pili, nikapapasa ukuta nyuma ya kitanda, ni mkavu. Madirisha yanafunga, upepo haupigi mluzi. Bwana Derek, kwa hilo asante, na nakwambia bila kinyongo. Ndugu wageni kutoka Ulaya, hilo liandikeni, ukuta ni mkavu.

Baada ya kuliandika hilo, msifunge madaftari yenu bado. Bwana Derek ametangulia kusema hapa, nami nimemsikiliza kwa makini, kwamba kabla ya kujenga walifanya mikutano na wapangaji, kwamba michoro ililetwa ikaonyeshwa wazi, na kwamba hakuna mpangaji hata mmoja aliyeipinga. Nataka wageni wetu wajue kuwa hayo ni kweli kabisa. Hakuna aliyepinga. Ruhusa yenu naiomba niwaeleze ilikuwaje watu wenye midomo kama yetu tusipinge.

Sisi mnaotuona hapa tumetoka Kericho na Meru, tumetoka Bukavu na Uvira, Bujumbura na Tanga. Tunatofautiana kwa mengi, na tukianza kuzungumzia kandanda hatusikilizani kabisa. Lakini kuna jambo moja ambalo hatujawahi kubishania. Mgeni akiingia kwako, anakula. Hana njaa, anakula. Amekula kwake, anakula tena. Na mgeni akiwa anakula humuulizi maswali magumu. Humgombezi, humwambii amekosea, humbani kwenye kona. Unamwongeza nyama, unamuuliza kama watoto wake hawajambo.

Basi watu wa mradi walipokuja mkutano wa kwanza na michoro yao mirefu iliyoviringishwa, sisi tuliona nini? Tuliona wageni. Wakaitandaza ile michoro mezani. Jirani yangu Mama Libérata akaingia na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, mimi nikaja na chapati, akina mama wa Tanga wakaja na pilau, na meza ilikuwa ni hiyo hiyo moja. Mnadhani tulifanyaje? Tuliiviringisha michoro, tukaiegemeza kwenye pembe ya ukuta, tukatandika kitambaa. Tukawanawisha mikono. Wakala, wakasifu, wakauliza sombe inapikwaje, wakafungiwa kidogo cha kwenda nacho, na walipomaliza, mwenye ukumbi akawa anazima taa. Mkutano wa pili ukawa vivyo hivyo. Kwenye mkutano wa tatu, nasema nililoliona kwa macho yangu, wawili wao walikuja na vibakuli vyenye vifuniko.

Mmoja wetu alijaribu. Ni Kangethe, dereva wa basi, yule pale aliyekunja mikono kifuani. Alisimama akauliza kwa Kiingereza kisicho na kasoro, samahani, kwenye hii michoro nyumba za vyumba vinne ziko upande gani? Jamani, ukumbi mzima ulimgeukia utadhani ametukana. Mzee Gaspard, mume wa Mama Libérata, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akiinua sauti, akamwambia, "Ndugu yangu, acha wageni bakule kwanza." Kangethe akakaa chini. Bwana Derek, wewe ulikuwa umeshika paja la kuku. Ulimtazama Kangethe, ukafungua mdomo, halafu ukaangalia sahani yako. Tuliomnyamazisha ni sisi, hilo sikatai. Lakini swali ulilisikia, na unajua kusema, na ulikuwa na mwaka mzima wa kulijibu baada ya kumaliza kutafuna.

Tangu siku hiyo kuna kitu kinanitekenya. Mbona mikutano ilipangwa saa kumi na mbili jioni, saa ambayo kila nyumba ya Harrowdale ina sufuria mekoni? Mbona haikuwekwa Jumamosi asubuhi, tulivyoomba? Labda ilitokea tu. Labda walitupenda. Mimi sina ushahidi, nina wasiwasi tu, na wasiwasi huo nimeulea hadi leo.

Mkitoka nje, hebu inueni macho juu ya mlango mkubwa. Mtaona bango kubwa kushinda basi la Kangethe. Mwanamke yule anayecheka, mwenye upawa mkononi, ndiye Mama Libérata. Alipigwa picha kwenye mkutano wa pili akiwapakulia. Chini yake wameandika kwa maandishi ya rangi kwamba hapa ni nyumbani kwa wote. Bango ni zuri na yeye ametoka vizuri. Ila Mama Libérata haishi hapa. Kila Jumapili anakuja kanisani, anapita chini ya sura yake mwenyewe, halafu anarudi kupanda basi kwenda Scarborough, mwisho kabisa wa jiji, kwenye nyumba ya muda waliyowekwa jengo la zamani lilipobomolewa.

Ni kwa nini haishi hapa? Nitawaambia kwa sababu nilikuwepo alipojua. Mwezi uliopita walitufungulia nyumba ya mfano tukaione. Tukavua viatu mlangoni, tukaingia kwa soksi kama watu wanaoingia mahali patakatifu. Mama Libérata alikuwa amenishika mkono. Nyumbani kwao ni watu saba. Kuna yeye na Mzee Gaspard, kuna mama mkwe wake Bi Amandine ambaye miguu imemwishia nguvu, na kuna watoto wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Hapa Harrowdale walikuwa na nyumba ya vyumba vinne, na siku walipohamishwa waliahidiwa kwamba haki yao ya kurudi ni salama. Basi akafungua mlango wa kwanza, chumba cha kulala, akatabasamu. Akafungua wa pili, chumba cha kulala. Akafungua wa tatu, chumba cha kulala. Akafungua wa nne. Ndani mlikuwa na tangi la maji ya moto na ufagio.

Alisimama pale akilitazama lile tangi, nami nikasimama naye. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Chelagat, hii ni placard. Batoto bangu batalala ndani ya placard?" Wenzetu wa Kongo kabati la ukutani wanaliita hivyo. Dada wa ofisi aliyekuwa akitutembeza akatueleza, bila ubaya wowote, kwamba hiyo ndiyo nyumba kubwa kuliko zote katika jengo zima. Mama Libérata akamshukuru, akavaa viatu. Alianza kulia tukiwa tumeshakaa kwenye basi, nami nikalia naye, na watu wa basi la Lawrence wakatupisha nafasi.

Hapo ndipo nilipouelewa ujanja, kama ni ujanja. Haki ya kurudi ipo, hakuna aliyeifuta. Inasema utarudi kwenye nyumba inayotosha familia yako. Sasa wewe usijenge nyumba inayotosha, na ile haki iache hapo hapo ilivyo, ing'arishe, isome kwenye sherehe. Utakuwa umevunja ahadi gani? Mtu akinialika karamuni, halafu akaondoa kiti changu kabla sijafika, bado atawaambia watu kwamba alinialika. Bwana Derek amelitamka neno ujumuishi mara nyingi asubuhi ya leo, na kila alipolitamka mimi nilikuwa natafuta kiti cha Mama Libérata.

Wiki iliyofuata wakampigia simu wakamwambia suluhisho limepatikana. Familia igawanywe. Bi Amandine na wajukuu wasichana wakae ghorofa ya tatu, na Mzee Gaspard, mkewe na wavulana wakae ghorofa ya tisa. Wakamwambia huo ni mpangilio wa kisasa. Na ajibu kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo nafasi zote mbili watapewa wengine na yeye atarudi mwisho wa foleni. Ndugu zangu, Bi Amandine akiamka usiku mara nyingine hajui kama yuko Toronto au yuko Uvira siku ile waliyokimbia. Anaita. Na akiita, ni lazima mtu mzima amjibu kwa sauti anayoijua, ndipo atulie. Nani atamjibu kule ghorofa ya tatu, wasichana wa shule? Watu hawa walitoka kwao kwa miguu wakiwa pamoja, wakakaa kambini miaka na miaka wakiwa pamoja, wakapanda ndege pamoja. Leo watenganishwe na lifti? Jolie, hapa ndipo nilipokwambia, nina hasira.

Wageni wetu wa Ulaya, msidhani haya ni ya kwetu peke yetu. Mama Libérata ana mdogo wake anayeishi Liège, kwenye maghorofa ambayo nasikia yatakarabatiwa kwa kufuata mfano wa Harrowdale. Juzi alimpigia dada yake akiwa na furaha. Wamekuja watu wapole, alisema, wana michoro mizuri, wanasema hakuna atakayeachwa nje, na sisi tumeanza kupanga nani atapika nini. Halafu akauliza, kwenu iliisha vipi? Mama Libérata akanipa mimi simu. Nikamwambia yule dada, wakaribishe ndani, wape maji ya kunywa, kisha uliza vyumba ni vingapi. Wakishakuonyesha kwa kidole kwenye mchoro, ndipo uwashe jiko. Kama kuna mmoja wenu hapa atakayekwenda kwenye nyumba ile, naomba asikasirike akipewa maji matupu.

Najua kuna wanaonong'ona kwamba Mama Libérata amejitakia, kwamba angesema mapema. Mimi namjua. Mama yangu alipofariki Kericho nami nikakosa namna ya kusafiri, huyu mwanamke alihamia kwangu na kitenge chake, akalala kwenye zulia la sebuleni, akapokea simu zangu zote, akapika, akaketi nami hadi nilipoweza kuoga mwenyewe. Hakuniuliza lolote. Hakuna mkutano wowote nitakaoogopa kusimama kwa ajili yake, na ninasikitika kwamba tumefika siku ya maua na kamera ndipo nasimama.

Bwana Derek ametuambia kwamba mwezi ujao wanaanza kuchimba msingi wa jengo la pili, na kwamba michoro yake bado haijapigwa muhuri, bado maoni yanakaribishwa. Nimelisikia hilo na limenifurahisha, ila nimeshaanza kulishuku. Nimewahi kuambiwa tutaliangalia. Nimewahi kuambiwa tuzungumze baadaye, pembeni, tukinywa chai. Huko pembeni nimekwenda mara nyingi, na chai nimekunywa, na kila mara nimerudi bila jibu. Mheshimiwa Diwani, wewe ndiye uliyesema kwamba mlango wako u wazi, basi leo uwe shahidi tu, sikuombi zaidi.

Naona kwenye ratiba kwamba baada ya maneno yangu napokea ufunguo, na naona Bwana Derek ameshasimama nao. Ni mkubwa, unang'aa, na hauingii kwenye kitasa chochote. Kaa kwanza, Bwana Derek, tafadhali. Nikiupokea huo mbele ya kamera hizi, kesho itaandikwa kwamba wapangaji wa Harrowdale wamerudi nyumbani. Mimi siwezi kurudi kwa niaba ya mtu ambaye hajarudi. Sitaupokea kabla ya kusikia jibu moja, na jibu hilo nalitaka hapa, kwenye kipaza sauti hiki, wageni wakiwa wamevaa vile vifaa vyao masikioni.

Mama Libérata, naomba usimame. Yule pale safu ya nyuma, mwenye kitenge cha kijani, na huyo aliye kando yake kwenye kiti cha magurudumu ni Bi Amandine. Bwana Derek, usinitazame mimi, mtazame yeye. Je, kwenye jengo la pili kutakuwa na nyumba ya vyumba vinne, na familia hii itaingia humo wote saba pamoja, ndiyo au hapana? Dada Jolie, atakalosema wafikishie kama lilivyo.

Mnaotupia macho mlango wa jikoni, poleni. Leo hatukupika. Muda tunao, na hakuna sahani ya kumkatiza mtu. Mimi mmenisikiliza vya kutosha, na kwa hilo nawashukuru nyote kwa moyo wangu wote. Sasa nakaa kitako, tumsikilize Bwana Derek.